Picha ya Dhuluma Itundikwe Ukutani? Mjadala wa Ngulyati

Kila Juni 16 watoto wa shule huvaa fulana mpya, huandamana na mabango, hughani ngonjera na kumsikiliza mgeni rasmi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliitenga siku hiyo mwaka 1990 iwe Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliopigwa risasi Juni 16, 1976. Siku tatu kabla yake, Juni 13, huadhimishwa Siku ya Kimataifa ya Kukuza Uelewa kuhusu Ualbino. Kwa Kanda ya Ziwa tarehe hizi mbili zinazungumza jambo moja: mtoto kushambuliwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, na watu kusimama kusema basi.

Tuchukue shule ya sekondari ya kata, Ngulyati, wilayani Bariadi. Mwalimu wa historia anataka ukumbi upambwe kwa picha juma lote hilo. Zipo picha za maandamano, za watetezi wa haki, na za miili iliyoumizwa. Zipi zitundikwe? Sauti tano zinazofuata nimezipanga mwenyewe, kutokana na hoja zinazogongana kila suala hili linapotajwa. Sikuzipa majina, maana kila hoja hapa ina wenyewe wengi. Mwisho nitasema ninaposimama.

MWALIMU: Wanafunzi wangu wanaijua Soweto kama jibu la mtihani: mwaka, sababu, matokeo. Hawajaiona picha ya Sam Nzima. Hawajamwona Mbuyisa Makhubo, kijana wa miaka 18 mwenye ovaroli, akikimbia na Hector Pieterson mikononi, uso umekunjamana kwa kilio. Hawajamwona Antoinette, dada yake Hector, akikimbia pembeni na sare ya shule, kiganja ameinua hewani. Hector alikuwa na miaka 12. Wanafunzi wale waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Mtoto wa kidato cha kwanza akisimama mbele ya picha ile, ataelewa kabla sijafungua mdomo kwamba aliyeuawa ni rika lake. Ndiyo maana nataka iwe ya kwanza ukutani.

MZEE: Mwalimu, kwetu maiti hufunikwa. Mtu akianguka njiani, wa kwanza kufika hutoa shuka lake akamsitiri. Nimekuwa sungusungu tangu ujana wangu, miili nimeiona, na hatukuwahi kuita watoto waje kutazama. Leo mtoto wa watu aning'inizwe ukumbini, wenzake wanywe uji mbele yake?

MPIGA PICHA: Shikamoo, mzee wangu. Mimi nina studio ndogo Bariadi mjini, na naiheshimu kazi ya yule bwana. Nzima alilifanyia kazi gazeti moja la Johannesburg, The World. Siku ile alipiga fremu sita, kisha akaitoa filamu kwenye kamera na kuificha ndani ya soksi, kwa sababu alijua polisi wakiikuta wataiharibu. Picha ikachapishwa, ikaenea duniani. Alilipia. Polisi walimwandama hadi akaacha kazi akarudi kijijini kwao Lillydale, nako akawekwa chini ya ulinzi. Gazeti lenyewe likapigwa marufuku Oktoba 1977. Haki miliki ya picha yake aliipata mwaka 1998, na alifariki mwaka 2018. Makaburu walikuwa na magari ya deraya na bunduki, lakini filamu ya kwenye soksi waliiogopa. Walijua kwamba bila picha, maelezo ya polisi ndiyo yangekuwa historia.

MWALIMU: Na historia ile ina ukurasa wa Tanzania. Vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto walipokelewa hapa. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC ardhi Mazimbu, Morogoro, kwenye shamba la zamani la mkonge. Shule iliyojengwa pale ilipewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Aprili 6, 1979 akiwa na miaka 22. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nikiitundika picha ya Hector, nawafundisha watoto wa Ngulyati kwamba nchi yao iliwahi kuwafungulia mlango watoto wa wenzao.

MZEE: Hayo nimeyasikia. Umeniambia habari za aliyeshika kamera. Aliyembeba mtoto ilikuwaje?

MPIGA PICHA: Baada ya sura yake kuenea, polisi walimsumbua, akaikimbia nchi. Mama yake alipata barua kutoka Nigeria mwaka 1978. Tangu hapo hakusikika tena.

MZEE: Basi nawauliza nyote. Kamera ilimtangaza kijana aliyekuwa anafanya kitu kimoja tu, kumwokota mtoto aliyepigwa risasi. Mama yake akakaa kungoja barua ya pili. Mnaposema picha ile iliwasaidia watu, mhesabuni na huyo mama.

MAMA: Ahsante, baba. Nilikuwa nangoja afike mtu hapo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nina mtoto mwenye ualbino, anasoma shule hii hii. Tangu mauaji ya watu kama yeye yalipoanza kutangazwa, mwaka 2007 na kuendelea, nimeona kwenye magazeti na mabango picha za watoto waliokatwa mikono. Picha, jina, kijiji, jina la mama. Aliyeandika alitaka kumsaidia, sikatai. Lakini mtu anayetafuta mtoto wa namna hiyo naye anasoma. Watoto walipelekwa vituoni, kama pale Buhangija, Shinyanga, wapate ulinzi. Wageni wakaenda na kamera, mmoja baada ya mwingine. Mtoto yule atakua. Atashika simu yake mwenyewe, aikute picha ya kidonda chake aliyopigwa akiwa na miaka mitano, imesambaa hadi nchi asizozijua. Nani alimwomba ruhusa?

MPIGA PICHA: Dada, uchungu wako nauelewa. Ila tukumbuke hali ilivyokuwa kabla. Watu waliuawa na jambo likaishia kwenye minong'ono ya kijiji. Mwaka 2008 Vicky Ntetema wa BBC aliwaendea waganga wa Kanda ya Ziwa akijifanya mteja, akarekodi wanavyouza viungo vya watu. Alitishiwa maisha, akalazimika kujificha. Kelele zilizofuata ndizo zilizotikisa. Septemba 2009 Mahakama Kuu mjini Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa miaka 14. Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku waganga wa ramli chonganishi. Unadhani yangefanyika kama wananchi wasingeona kwa macho?

MAMA: Ntetema alimpiga picha nani? Kamera yake aliielekeza kwa wauzaji. Hapo ndipo tunapopishana, mdogo wangu. Ninyi kila mara kamera inaelekea kwa aliyekatwa. Aliyeagiza mkono huo, mwenye fedha, anayetafuta cheo au dhahabu, sijawahi kuona sura yake kwenye bango.

MWALIMU: Hilo ni kweli, mama.

MAMA: Na nikwambie picha iliyobadilisha mambo nyumbani kwangu. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany, mbunge wa kwanza mwenye ualbino kuingia bungeni kwa kura. Desemba 2015 Abdallah Possi akawa naibu waziri. Mwanangu alipoonyeshwa Dk. Possi akila kiapo, ameshika kitabu mkono wa kulia, aliniuliza, “Mama, huyu naye alikuwa anavaa kofia pana shuleni?” Hakuniuliza hivyo alipoona picha za waliokatwa. Alijifunika shuka, akakataa kwenda shule siku mbili. Mkitaka ukuta wa haki, tundikeni watu wanaodai haki. Mtundikeni Josephat Torner, aliyekuwa akiingia vijiji vya Kanda ya Ziwa akiwa na ualbino wake mwenyewe, akakaa na watu akawauliza kwa nini wanawaua watu kama yeye. Filamu yake ilitoka mwaka 2012. Yule amesimama. Hajalala kwenye kitanda cha hospitali.

MWANAFUNZI: Shikamooni wazee wangu. Nipo kidato cha tatu. Naomba kuuliza jambo. Mmesema sana kuhusu picha inaonyesha nini. Mbona hatujauliza nani aliamua ionekane? Mwalimu alitusimulia habari za Emmett Till, mvulana Mmarekani mweusi wa miaka 14 aliyeuawa na Wazungu huko Mississippi Agosti 1955. Alipigwa hadi uso ukaharibika kabisa. Mwili ulipofika Chicago, mama yake, Mamie Till, ndiye aliyeamua jeneza liachwe wazi, akaruhusu jarida la Jet lichapishe picha ya David Jackson. Wauaji waliachiwa na baraza la wazee wa mahakama lililokuwa na Wazungu watupu. Lakini picha ile iliwaingiza vijana wengi weusi kwenye harakati. Yule mama hakuporwa picha. Aliitoa.

MZEE: Mjukuu wangu, hapo umenibana. Mama mwenye msiba akisema mwanangu aonekane, mimi ni nani nimfunike? Shuka langu ni la yule asiye na mtu wa kumsemea.

MWALIMU: Na watoto wa Birmingham, jimbo la Alabama, walijitoa wenyewe. Mei 1963 walitoka madarasani kwa mamia kuandamana dhidi ya ubaguzi. Polisi wakawamwagia maji ya bomba la zimamoto na kuwaachia mbwa. Bill Hudson na Charles Moore walikuwepo na kamera. Picha zikasafiri hadi kwetu. Mwezi huo huo viongozi wa Afrika walikuwa Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Milton Obote, waziri mkuu wa Uganda, akamwandikia Rais Kennedy barua ya wazi, akalalamikia mbwa na yale maji. Waganda walikuwa na uhuru wa miezi saba tu, na kiongozi wao akaikemea Marekani kwa sababu ya watoto wa Alabama. Juni 11 Kennedy alilihutubia taifa kuhusu haki za raia, na sheria ikapita Julai 1964. Ile ni picha ya dhuluma, mama, lakini ndani yake mtoto anaonekana akiwa katikati ya kudai haki yake.

MAMA: Picha ya namna hiyo siikatai. Mtoto yule alijua anakwenda wapi.

MZEE: Na walioko katikati? Wasiotoa picha wala kuporwa kwa wazi?

MWALIMU: Nsala wa Wala yuko hapo katikati. Kongo, Mei 1904. Walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR walikuwa wamemuua binti yake, Boali, mwenye miaka mitano. Nsala alifunga kwenye majani kilichobaki, mkono na mguu, akavipeleka misheni ya Baringa. Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, akampiga picha. Baba amekaa ukingoni mwa baraza, ubavu umeelekea kamera, anatazama vitu viwili vidogo vilivyolala sakafuni mbele yake. Hatutazami sisi. Nyuma yake wamesimama wanaume, wananyamaza. Picha hiyo na nyingine za Harris zilionyeshwa kwa taa ya picha kwenye mikutano Uingereza na Marekani, hadi Mfalme Leopold akaipoteza Kongo yake mwaka 1908.

MPIGA PICHA: Umeona? Nsala alipeleka ushahidi mwenyewe. Hakujificha.

MZEE: Alipeleka, ndiyo. Je, baada ya 1908 Wakongo walipumzika?

MWALIMU: Hapana. Nchi ilikabidhiwa Ubelgiji, na kazi ya kulazimishwa iliendelea kwa miaka mingi.

MZEE: Kwa sababu waliotazama walihurumia. Huruma ilimbadilisha mtawala, na watawaliwa wakabaki kimya kule kule. Hamna aliyezungumza?

MWALIMU: Walizungumza. Tume ya uchunguzi ilipokwenda Kongo, chifu mmoja, Lontulu wa Bolima, alifika na vijiti 110. Akaviweka mezani kimoja kimoja, kila kijiti mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira.

MZEE: Huyo ndiye. Picha ya Nsala ikikaa, vijiti vya Lontulu vikae karibu yake. Mtazamaji asione tu watu walioumizwa, asikie na hesabu yao wakiidai wenyewe. Na sasa niseme lililonikaa moyoni. Kuna waliouawa katika Usukuma huu bila kamera yoyote. Bibi zetu. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko miaka 60, watu wakasema mchawi. Usiku mtu aliyelipwa akaingia na panga. Mazishi yakafanyika, watu wakarudi mashambani. Nani aliandamana? Nimesema maiti hufunikwa, na bado nasema. Lakini tulifunika na jambo lenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

MPIGA PICHA: Mzee, nikueleze ninachokiona dukani kwangu. Bibi akifariki, vijana huja na kadi yake ya kupigia kura. Mara nyingi ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa. Naiskani, naondoa mhuri uliopita kwenye bega, naikuza, tunaiweka kwenye fremu ya msiba. Uso ule ule alioandikishwa nao kama raia. Familia zikikubali, nyuso hizo naweza kuzichapa kwa ajili ya ukuta huo bila malipo.

MAMA: Hapo nakuunga mkono. Bibi akiwa mpiga kura, siyo bibi akiwa maiti.

MWANAFUNZI: Hata mwaka 2024 ilikuwa hivyo. Mei 30, huko Muleba mkoani Kagera, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili aliporwa mikononi mwa mama yake. Watu walisambaza picha yake akiwa hai, taifa zima likamtafuta kwa sura ile. Mwili wake ulipatikana Juni 17, siku moja baada ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Miongoni mwa walioshtakiwa wamo baba yake na padri. Tulikasirika kwa sababu tulimjua akiwa mzima.

MPIGA PICHA: Lakini mjukuu wa mzee, picha yake akiwa hai ilisambaa kwa sababu alikuwa anatafutwa. Mimi bado nasema, kuna watu hawaamini mpaka waone jeraha. Tukiondoa jeraha lote, tunawapa nafasi ya kusema hakuna kilichotokea.

MAMA: Jeraha lipelekwe mahakamani, lipigwe picha na daktari, lisimame kama kielelezo mbele ya hakimu. Huko ndiko linakofungia mtu. Ukumbini kwa watoto linatisha waliokwisha kutishika, na muuaji hata hajalipita mlangoni.

*

Wasemaji wangu wamefika mbali kuliko walikoanzia, na sasa niseme langu.

Picha ya dhuluma ni ushahidi, na ushahidi una mwenyewe. Mwenyewe ni aliyeumizwa, na akiwa hayupo ni mzazi wake au ndugu zake. Haki ya mpiga picha, ya mwalimu, ya shirika na ya gazeti huja baada ya haki hiyo. Mamie Till aliitumia, ndiyo maana hakuna awezaye kumlaumu aliyechapisha. Watoto wa Birmingham waliitumia kwa miguu yao. Nsala aliitumia nusu: alileta ushahidi, lakini haki ya kusema nini kifuate ikabaki mikononi mwa watazamaji wa ng'ambo, na matokeo tunayajua. Picha ya Mbuyisa inatukumbusha kwamba hata picha iliyofanya kazi njema inaweza kumwacha mtu na gharama asiyoichagua. Anayeionyesha leo ana deni la kulitaja jina lake na kuusema mwisho wake.

Kwa hiyo, katika ukumbi wa shule Ngulyati, picha ya Sam Nzima itundikwe. Imekwisha kuwa urithi wa Afrika, na Juni 16 haieleweki bila hiyo. Itundikwe na maelezo kamili chini yake: Hector, Antoinette, Mbuyisa, Nzima, na Mazimbu. Picha ya Birmingham itundikwe, pamoja na habari ya barua ya Obote, ili watoto wajue kwamba Waafrika walipoiona hawakuishia kusikitika. Picha ya Nsala ibaki darasani kwa wanafunzi wakubwa, mwalimu akiwa mbele yao, na hesabu ya Lontulu ubaoni.

Picha ya mtoto mwenye ualbino aliyejeruhiwa isitundikwe. Hata moja, hata kwa nia njema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto asidhalilishwe, na hata kama sheria isingekuwepo, mtoto anayesoma katika shule hiyo hiyo hastahili kuona kila asubuhi kile ambacho wauaji wangependa kumfanyia. Mahali pake wawekwe Kwegyir, Barwany, Possi, Torner na Ntetema. Mwanafunzi mwenye ualbino akitaka picha yake iwepo, mzazi wake akiridhia, apigwe akiwa darasani au uwanjani, bila kuandikwa anakoishi.

Na bibi zetu wawekwe. Mei 2014 mwanamke mwenye ualbino aliuawa katika mkoa huu wa Simiyu, na vikongwe waliouawa kabla na baada yake ni wengi. Mkoa unaosifika nchi nzima kwa pamba hauna sababu ya kuwanyima hata karatasi ya ukutani wanawake walioilima. Familia zinazoridhia zilete zile picha za kadi ya kura, ziandikwe jina na mwaka wa kufariki, na neno moja la kweli kuhusu namna walivyofariki: waliuawa.

Ndugu mwalimu, ndugu mwenyekiti wa kijiji, ndugu mhariri: kabla ya kutundika, kuchapa au kusambaza picha ya mtu aliyeumizwa, mwendee mwenyewe au nduguze, mwombe ruhusa, na umweleze itaonwa na nani. Akikataa, iache.